Kompyuta Iliyokaribishwa kwa Marashi

Enzi zetu, wenzangu, kitu kipya kilikuwa hakiingii nyumbani kimyakimya. Cherehani ikiletwa, ilisomewa Fatiha ndipo ikashonewa. Redio ikija, mtaa mzima ulijua kabla haijatiwa betri. Hata sufuria kubwa ya pilau, ile ya kuazimana, ilipikiwa kwanza wali wa sadaka ukaliwa na watoto wa chuo cha Kurani, kisha ndiyo ikaruhusiwa kupikia watu wazima. Siku hizi mtu huletewa kitu ndani ya bahasha, akaichana kwa meno, akaanza kukitumia hali amelala chali. Ndiyo maana vitu vyao havidumu. Simu ya binti yangu Nuru haijamaliza mwaka, na tayari anaiita kuukuu mbele yake, bila hata kuionea haya.

Basi nawakumbusha siku kompyuta ilipoingia nyumbani kwetu Amu, mnayoiita Lamu. Nilikuwa darasa la sita, goti moja lina kovu la kuanguka kwenye rede na la pili lina kovu la punda wa jirani ambaye nilikuwa nimekatazwa kumpanda. Wakati huo ukisema kompyuta, wengi wetu tulikuwa tumeiona kwenye picha tu, au kwa mbali dirishani mwa ofisi, imefunikwa kitambaa kama maiti wa heshima.

Nyumbani tulikuwa wanne. Baba alikuwa fundi wa nakshi. Alichonga milango, viti na makasha, na unga wa mbao haukumtoka kwenye nyusi hata siku ya Idi. Mama alikuwa na friji, na friji hiyo ndiyo iliyompa jina mtaani. Aligandisha barafu za ukwaju na za maembe kwenye vifuko vya plastiki, na mchana tukitoka chuoni, midomo imekauka kwa kusoma kwa sauti, mlango wetu ulijaa watoto kama mlango wa harusi. Mlionyonya barafu zile mnajua ninachosema. Ulikata ncha ya kifuko kwa jino, ukavuta ukwaju mpaka barafu ikabaki nyeupe haina ladha, kisha ukamrushia mwenzako shingoni. Watoto wa leo huuziwa aiskrimu yenye rangi sita na wakamaliza bila kumrushia mtu yeyote. Sijui wanapata raha gani.

Mtu wa nne alikuwa dada yangu Zena. Alikuwa amemaliza shule ya sekondari na kufaulu vizuri, na alitaka jambo moja tu duniani: kwenda Mombasa kusomea kompyuta. Baba akakataa. Si kwamba hakupenda elimu, maana karo ya Zena aliitoa yeye, na kwa ajili yake alichonga milango mpaka vidole vikafanya sugu. Alichoogopa ni Mombasa yenyewe. Alisema mtoto wa kike aliyezoea mji wenye barabara kuu moja, tena ya kupita punda, ataendaje kwenye mji wa barabara mia.

Zena hakubishana. Aliacha tu kuimba akiosha vyombo. Wenzangu mliokulia nyumba za mawe mnajua sauti inavyozunguka kiwandani, ule ua wa ndani, na kupanda hadi darini juu ya paa, kwa hiyo mtu mmoja akinyamaza nyumba nzima husikia. Mama alimtazama Baba, Baba akatazama sahani yake. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka Baba akapeleka mlango kwa mteja wake Mombasa na kurudi na suluhisho.

Suluhisho lenyewe lilikuwa kompyuta. Baba alikuwa amekaa njia nzima akiipanga hotuba yake, na alipofika aliitoa amesimama, hata kofia hajavua. Alisema badala ya mtoto kuifuata kompyuta, kompyuta imemfuata mtoto.

"Chuo kimekuya nyumbani, Zena mwanangu," akasema. "Yifundishe papa hapa, mbele ya mato yangu. Ikiwezekana, alhamdulillahi. Isipowezekana, haya maneno ya Mombasa nisiyasikie tena."

Zena akaitikia, ndiyo Baba, atajifundisha. Nilikuwa nimekaa karibu naye na niliona alivyoshika pindo la kanga. Ulikuwa mlango mdogo, na haukuelekea alikotaka kwenda, lakini ulikuwa mlango. Kompyuta ile ikikataa, basi na yeye yamekwisha.

Mzigo ulishushwa gatini na kupandishwa juu ya punda, makasha mawili ya karatasi ngumu, makubwa, yamefungwa kamba. Sasa, kwenye kila kasha palichorwa gilasi ya kunywea. Leo kila mtu anajua alama ile maana yake ni kwamba kitu huvunjika, kibebe kwa adabu. Amu wakati ule, gilasi ni gilasi. Na gilasi kwa wingi, zinazopelekwa nyumba yenye binti aliyemaliza shule, zina maana moja tu. Punda alipopita baraza ya kwanza watu walisema kwa Fundi kumekuja gilasi. Alipopita ya pili walikuwa wamekwisha kumwoza Zena. Alipofika mlangoni kwetu, jirani yetu Bi Rukia alikuwa ndani tayari. Alikuwa amepita juu kwa juu, kwenye wikio linalounganisha nyumba yake na yetu, maana kwenye mambo ya harusi hakuamini kushuka ngazi.

"Nimekuya kutazama gilasi," akasema, na bila kumeza mate, "na bwana arusi ni nani?"

Mama akamwambia hapana gilasi wala bwana harusi, ni mashine ya Zena ya kusomea. Bi Rukia akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayefichwa jambo na watu wasiojua kuficha. Kabla ya Magharibi walikuja wengine wanne, kila mmoja na dua yake. Zena akapokea dua zote. Alisema baadaye kwamba dua haikataliwi hata ikikosea anwani.

Kompyuta haikufunguliwa siku ile, kwa sababu haikuwa na pa kukaa. Baba alisema mgeni kama yule hawezi kuwekwa juu ya meza ya kukatia vitunguu. Akaingia kazini kwake, akafunga mlango, na kwa siku kadhaa tulisikia patasi tu. Kilichotoka, wenzangu, sijaona meza ya kompyuta kama ile tena. Ilikuwa ya mvule, miguu imechongwa mayungiyungi, ukingo mzima umezungushwa mnyororo wa nakshi, na mbele ameiziba kwa ubao wa maua kama uso wa kasha la bi harusi. Ilipendeza mpaka majirani wakaacha kuuliza habari za gilasi. Ila haikuwa na pa kupitisha nyaya, na mtu akikaa hana pa kutia magoti.

Zena ndiye aliyemwambia. Alizunguka mbali, akasifia mayungiyungi, akasifia mnyororo, ndipo akauliza kwa upole kwamba je, nyaya zitapita wapi. Baba aliitazama meza muda mrefu. Kisha akaleta keke yake, akatoboa nakshi yake mwenyewe katikati ya ua, uso umemkunjamana kama anayetobolewa yeye. Ubao wa mbele nao ukang'olewa, na Mama akaupeleka jikoni kufunikia mtungi.

Basi ikaja kazi ya kuunganisha. Vijana wa leo hamjui kompyuta ilikuwa ukoo. Kulikuwa na kioo chenye mgongo mkubwa kama mbuzi mwenye mimba, kulikuwa na kasha la kusimama, kibodi, kipanya chenye mkia, spika mbili, na sanduku jingine zito la kuzuia umeme usipande na kushuka. Kila kimoja na waya wake, na kila waya na tundu lake. Zena alishika karatasi yenye michoro na kuniamuru, mimi niko chini ya meza. Mama alikuwa akisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile niliinama kwa niaba ya ukoo mzima. Nilitoka na utando wa buibui kichwani na elimu ambayo naiona mpaka leo: waya usioingia haulazimishwi, hugeuzwa.

Likabaki jambo la umeme. Chumba kile kilikuwa na tundu moja tu la ukutani, na tundu hilo lilikuwa mali ya friji. Mama alifikiri, akauliza kwani mashine inakula muda gani. Zena akamwambia saa moja au mbili kwa siku. Wakakubaliana kama watu wanaogawana shamba: asubuhi friji, alasiri kompyuta, jioni friji tena. Zena akalifunika kundi lote kwa kitambaa cha kufuma, tukangoja siku ya kulizindua.

Kuzindua kulifanywa Alhamisi baada ya Alasiri. Wanaume walikaa dakani, yaani kwenye ukumbi mdogo wa nje mbele ya mlango, pamoja na Maalim wetu wa chuo. Wanawake waliingia chumba cha ndani pamoja na kompyuta, na hapo Bi Rukia alikaa mbele kabisa. Kwa hiyo Maalim aliiombea mashine ambayo hakuiona, kama anavyoombewa bi harusi. Alisoma Fatiha, akaomba Mwenyezi Mungu aifanye ya kheri, aiepushe na jicho la hasidi na umeme wa kukatikakatika. Sisi ndani tukaitikia amin. Kahawa chungu ikapita, halua ikapita, chetezo cha udi kikapitishwa chini ya kanga za wageni na, kwa kuwa haikuwa haki kuibagua, kikazungushwa mara moja kuzunguka meza.

Zena alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Akakivua kile kitambaa, akasema Bismillahi, akabonyeza. Kasha likavuma. Kioo kikawa cheusi, kisha kikaandika maneno meupe mbio mbio kama mtu anayekiri makosa, kisha ikatoka rangi ya samawati na wimbo mfupi kutoka kwenye zile spika. Vigelegele vilivyopigwa, Bi Rukia akiongoza, vilisikika sokoni. Baba akaita kutoka nje kuuliza, imewaka? Sauti yake ilikuwa ya kijana.

Mama wakati huo alikuwa ameshika mrashi, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia. Ndiyo heshima yetu, na mgeni akija nyumbani kwa dhifa hurashiwa marashi mawaridi viganjani na kichwani, akajipaka, akajua amepokewa. Mama alikuwa amekwisha kumrashia kila mwanamke mle chumbani. Akabaki mgeni mmoja, na huyo ndiye mgeni mwenyewe wa siku hiyo. Alimwendea kwa furaha tupu, machozi yanamlengalenga, akamrashia. Na Mama yangu hakuwa mtu wa mkono mkavu. Alirashia kibodi, akarashia kioo, na nyuma ya lile kasha, pale penye matundu, akamimina, maana aliona ndipo kichwani.

Kulitoka mlio mdogo, kama mtu aliyepiga chafya akaizuia. Kioo kikazima, spika zikazima, na ukaja moshi mwembamba wenye harufu ya mawaridi yaliyoungua. Mama alibaki amesimama, mrashi mkononi, ameuinua kidogo kama anayetaka kuyarudisha marashi.

"Labda mechoka na safari," Bi Rukia akasema mwisho. "Iwateni ipumue."

Watu walituaga kwa sauti za chini, kama wanavyotoka matangani. Baba aliingia, akatazama, akagusa meza ilipolowa, akafuta kwa kiganja. Hakumgombeza Mama. Laiti angegombeza. Alisema tu kwamba haikuandikwa, na kwamba Jumamosi mashine itarudi Mombasa pamoja na mzigo mwingine, na mambo yaishe. Alisema kwa upole, na nadhani ndani ya upole ule kulikuwa na chembe ya faraja, maana sasa mtoto wake hakuwa na sababu ya kwenda popote. Zena aliingia kuosha vikombe vya kahawa. Mimi nilimfuata. Vikombe vilikuwa vingi na hakuviimbia hata kimoja.

Ijumaa asubuhi, Baba alipokwenda kazini, Zena alinishika mkono na kuniambia nichukue chaki yangu ya kuchorea sakafuni vibao vya mchezo wa kuruka. Tukapandisha kompyuta darini, kipande kwa kipande, tukatandika mkeka mahali penye jua. Akachukua bisibisi ya Baba na kufungua kasha. Mimi niliziba macho, nikidhani litapasuka. Ndani palikuwa na mambo mengi madogo yaliyojipanga vizuri, na harufu ya harusi. Kila alichokitoa alikilaza juu ya mkeka, na pembeni yake sakafuni akachora kwa chaki alikokitoa na kilikuwa kimeelekea wapi. Alipomaliza, dari yetu ilikuwa imejaa michoro mpaka karibu na ngazi. Kile kioo hakukifungua, maana karatasi ilikuwa na alama ya radi mgongoni mwake, na safari hii tulikuwa tumekubali kwamba michoro ya makasha ina maana yake. Alikipa jua mgongo tu, kama mgonjwa wa baridi yabisi.

Kazi yangu mimi ilikuwa kufukuza kunguru. Kunguru wa Amu, wenzangu, mnawajua. Nilifukuza kwa kanga, nilifukuza kwa ndara, nikaimba, nikatukana matusi yote niliyoruhusiwa. Pamoja na hayo mmoja akaondoka na skrubu mdomoni. Kasha lile likaja kutikisika upande mmoja maisha yake yote, na naamini wako kunguru Amu waliolelewa kwenye kiota kilichofungwa kwa skrubu.

Zena alifuta kila kitu kwa pamba na kuacha jua lifanye yake. Kisha akafungua plagi, akatoa fyuzi, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imeungua. Nikatumwa mbio dukani, nikarudi mbio zaidi, hakuna. Mwenye duka alisema mpaka mzigo uje kutoka Mombasa, na mzigo ulikuwa wa wiki ijayo. Zena alikaa juu ya mkeka katikati ya vitu vyake vilivyokauka, fyuzi nyeusi kiganjani. Ndipo nikaona machozi yake kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Mimi nikalia kwa sauti, kumsaidia.

Hatukujua kwamba Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi. Aligeuka akashuka. Tuliposhuka nyuma yake tulimkuta amepiga magoti mbele ya friji yake, amechomoa plagi, anaifungua kwa ncha ya kisu cha samaki. Akatoa fyuzi, akaifuta kwa kanga, akamkabidhi Zena kwa mikono miwili. Halafu akafungua mlango wa mbele na kuwaita watoto wa mtaa waje wachukue barafu, zote, bure, kabla hazijayeyuka. Siku ile wako watu wazima wa leo, wenye ndevu na vyeo, walikula barafu za ukwaju mpaka wakatetemeka juani. Wakikutana na Mama hadi sasa wanamkumbusha, kwa adabu, kama wanaokumbuka vita walivyoshinda.

Baba aliporudi kutoka msikitini alikuta mtaa mzima una midomo ya rangi ya ukwaju. Akaingia ndani na kanzu yake nyeupe, akasimama mlangoni mwa chumba. Zena alikuwa amemaliza kurudisha kila kitu mahali pake, mimi nikimpokeza, tukipanda darini kusoma michoro na kushuka tena. Hakujua Baba yuko nyuma yake. Alisema Bismillahi kwa sauti ndogo, akabonyeza.

Kasha likavuma, safari hii na mtikisiko. Yakaja maneno meupe, ikaja ile rangi ya samawati, ukaja ule wimbo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama alikuwa ameficha mikono yake nyuma, nadhani kwa tahadhari.

Baba akauliza nani kaifungua. Zena akasema yeye. Akauliza nani kaifunga. Zena akasema yeye pia, na akaanza kuomba radhi kwa bisibisi aliyoichukua bila ruhusa. Baba hakusikia habari ya bisibisi. Alipanda darini. Tulimsikia akitembea huku na huku juu ya vichwa vyetu, polepole, akisoma ile chaki. Aliposhuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyefikishwa mahali asipotaka kufika.

Mnajua nakshi inavyofunzwa kwetu. Kijana hukaa miguuni pa fundi, akafagia unga wa mbao miaka, akanoa patasi za mwenziwe, na siku fundi akimwona ameufungua mlango wa kale na kuufunga tena bila kipande kubaki mkononi, ndipo humwita kando na kumwambia sasa wewe tafuta kazi yako. Baba alipita njia hiyo. Hakujua namna nyingine mtu anavyokuwa mtu.

Akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Kazi haifundishwi na kasha, hufundishwa na fundi. Mimi sikupawa mlango nikaambiwa, yifundishe." Akapangusa kanzu isiyo na unga. "Kamtafute fundi wako, Zena. Shangazi yako Mombasa ana chumba."

Zena alimwangukia mikononi. Mama akatoka kwenda jikoni, akijifanya kuna kitu kinaungua, na hakukuwa na kitu jikoni, maana chakula cha mchana siku ile tulisahau kukipika.

Basi kompyuta iliyoletwa kumzuia Zena ndiyo iliyomtoa. Aliondoka baada ya Idi, na yenyewe ikabaki. Mimi nilijifunza kuandika jina langu kwa herufi kubwa na kulipaka rangi zote. Bi Rukia alikuja kila wiki kupitia kwenye wikio kuuliza kama imeoa. Na Baba, ambaye hakuwahi kukigusa kibodi, aliiwasha kila Ijumaa baada ya sala, akakaa mbele yake na kahawa, akasikiliza ule wimbo mfupi, akaizima. Ukimuuliza alisema mashine ikiachwa inaingia chumvi. Sikumbishia. Nilijua nani anakumbukwa pale, maana hata mimi nilikuwa nikiosha vyombo peke yangu, na kiwanda kilikuwa kimya.

Miaka imepita, wenzangu, hata sitaki kuihesabu. Baba ametangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Zena alimaliza Mombasa, akapata kazi, kazi ikampeleka Nairobi, na Nairobi ikampeleka nchi ya baridi ambako hufanya kompyuta za hospitali zizungumze. Huja mwaka hadi mwaka, na mwaka mwingine haji. Meza ya mayungiyungi bado iko, ina tundu lake katikati ya ua, na juu yake Mama huweka dawa zake za presha.

Mwezi uliopita Zena alimtumia Mama laptopu. Ililetwa na mtu aliyeshuka uwanja wa ndege wa Manda, akaivusha kwa boti, akaja nayo kwapani, kwapani kabisa, kama gazeti. Punda hakuhitajika. Barazani hakuna aliyeinua kichwa, kila mtu ameinamia simu yake. Nuru aliifungua sakafuni huku anatafuna, akagusa hapa, akagusa pale, na kabla sijauliza nyaya ziko wapi akasema tayari. Nikamwambia tayari nini, hatujaisomea hata Bismillahi. Akanitazama kwa upendo, kama unavyomtazama mtu anayetafuta mkia wa kipanya. Wanajua mengi, watoto hawa. Ila wakiwasha kitu, huwasha peke yao. Sisi tuliunguza kompyuta, lakini tuliiunguza mtaa mzima, na halua tukala.

Kisha ikaita. Nuru akabonyeza, na Zena akatokea, kioo kizima yeye, miwani, mtandio, mvi mbili tatu kwenye paji la uso, nyuma yake dirisha lenye theluji. Akasema asalamu alaikum, Mama. Mama akaitikia, akamtazama sana. Halafu akainuka, akajishikilia ukuta, akaenda kwenye kidaka cha mwisho ukutani, na akarudi na mrashi wake, uleule.

Nuru akainyakua laptopu kuiondoa. Mimi nikamshika mkono.

"Nayua mai hufanyani kwa mashine," Mama akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu. "Mwanangu mekuya. Mgeni hakaribishwi mkavu."

Akarasha, kidogo tu safari hii, matone machache, kioo kikalowa usoni pa Zena. Kompyuta haikuzima. Na kule aliko, kwenye nchi ya baridi, dada yangu alivua miwani, akainamisha kichwa, akakinga viganja vyake pamoja kama tulivyofunzwa, akangoja kidogo, kisha akajipaka usoni, vikavu.